Gari ya Kukodi Iwe ya Ndoa, Isiwe ya Harusi



Leo tumekuja na ugomvi, na tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla hamjatujibu. Ugomvi wetu ni na ile gari yenye mauwa kwenye boneti.

Sisi ni mafundi wawili wenye duka moja la nguo za harusi hapa Unguja. Tunashona shela, magauni ya akdi, sare za mashoga na madera ya siku ya pili. Mwari akija kupimwa, hapimwi kimya kimya. Anasema. Tunajua ukumbi wake, mpambaji wake, nani kachanga na nani kaahidi akatoweka. Tunajua pia deni. Na miaka hii, kwenye kila orodha ya harusi inayopita juu ya meza yetu ya kukatia, upo mstari mmoja usiotiwa mkasi hata mambo yakiwa magumu vipi: gari ya msafara.

Chakula kitapunguzwa. Idadi ya kanga za kuwatunza makungwi itapunguzwa. Hata kitambaa cha gauni lenyewe, mwari atakuja kwa sauti ya chini atuulize kama hatuna cha bei nafuu zaidi. Lakini gari haipunguzwi. Iwe ndefu, ing'are, ikodiwe kwa saa tatu. Itoke nyumbani, izunguke mjini ikipiga honi, isimame Forodhani kwa picha, iingie ukumbini, basi. Kesho yake asubuhi gari iko kwa mwenyewe, biharusi yuko chumba cha ukweni, na bwana harusi yuko barazani anahesabu nani anamdai nini.

Tumewahi kukaa na mteja wetu tukapiga hesabu ile mbele yake kwa kalamu ya chaki. Pesa ya zile saa tatu, pamoja na mauwa, dereva mwenye suti na gari mbili za kufuata nyuma, ingetosha kukodi gari ndogo ya kawaida kwa siku nne, na ya mafuta ikabaki. Alikaa kimya, kisha akasema: "Lakini watu watasema nini?"

Basi sisi tunasema hivi. Kodini gari kwa ajili ya ndoa, msikodi kwa ajili ya harusi. Akdi ikishafungwa, na si kabla yake, wawili waingie kwenye gari ndogo isiyo na ua hata moja, wafunge milango, waende mbali. Na tukisema mbali tunakusudia mbali kweli: Songea, Mbinga, na kuteremka mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Najua, mmeshaanza kucheka. Wacheni tuseme.

Fungate imekufa, na sisi sote tumeizika

Neno fungate ni la kale. Kama vile tisa ilivyokuwa ikiitwa kenda, saba ilikuwa ikiitwa mfungate. Fungate ni siku saba. Wawili walikaa ndani siku saba, chakula kikaja kutoka kwao mwanamke, kazi hazikuguswa, na aliyekuwa na ruhusa ya kuingia ni somo tu. Kusudi lake lilikuwa jambo kubwa: watu wawili ambao pengine hawajawahi kukaa faragha, wapewe siku za kusikilizana sauti. Ajue mumewe anakunywa chai na sukari ngapi. Ajue akikasirika hunyamaza au hufoka. Ajue hucheka nini.

Leo fungate hiyo iko wapi? Nyumba imejaa wageni waliokuja harusini na hawajaondoka. Simu haiwekwi chini, kwa sababu picha zinaingia na kila picha inataka kujibiwa. Bwana harusi amepewa ruhusa ya siku tatu kazini. Siku ya pili biharusi anavalishwa tena, anakalishwa tena, anatazamwa tena. Siku ya saba wawili wanajuana kwa picha kuliko kwa maneno. Halafu miezi sita baadae mama mtu anakuja dukani kwetu kuuliza kama gauni lile tunaweza kulinunua, maana mwanawe amerudi nyumbani.

Hatusemi talaka zote zinatokana na gari ya msafara. Tunasema kwamba tumeweka pesa zetu pale wanapotazama watu, na tukaacha mikono mitupu pale wanapoishi wawili.

"Hayo mambo ya kizungu"

Hili ndilo jibu la kwanza tunalolipata. Kwamba mke na mume kuzunguka kwa gari ya kukodi ni mambo ya watalii. Ni kweli tunawaona kila siku, wawili wawili, kwenye zile gari ndogo, wakielekea Paje, Jambiani na Nungwi, mmoja anaendesha na mwengine ana ramani mapajani. Sisi wenye kisiwa tuko kwenye daladala pembeni yao, tunawatazama wanavyoitazama bahari yetu.

Lakini nani kasema safari ya mke na mume ni yao? Mtume, rehma na amani zimshukie, alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na yule ambaye kura imemtokea ndiye aliyetoka naye. Na ilikuwa safarini, si nyumbani, ndipo aliposhindana mbio na Bi Aisha, Allah amridhie. Aliwaambia watu watangulie mbele, wakabaki wawili, wakakimbia, na Bi Aisha akamshinda. Baadae, katika safari nyengine, wakakimbia tena na mara hii akashinda Mtume, akamtania kuwa hii ni kulipa ile. Haya yamo katika hadithi na mashekhe wetu wanatusomea. Angalieni lile jambo la kwanza: aliwaambia watu watangulie. Sisi leo tunawaambia watu waje, wafuate nyuma, na wapige honi.

Na safarini pia ndiko kidani cha Bi Aisha kilikopotea. Jeshi zima lilisimama kukitafuta, mahali pasipo na maji. Baba yake alimkaripia, lakini Mtume hakumkaripia, na asubuhi yake ikateremka ruhusa ya kutayamamu ambayo umma wote unaitumia mpaka leo. Jeshi lilisimama kwa ajili ya kidani cha mke. Na tunao waume huku kwetu ambao mke akiwaambia "simama kidogo nisali," wanatazama saa.

Lipo pia lile lililopokewa kwa Sayyidna Umar, Allah amridhie. Mtu alipomsifia mwenzake mbele yake, alimuuliza: wewe ni jirani yake? Umewahi kusafiri naye? Umewahi kufanya naye biashara ya pesa? Aliposema hapana, akamwambia basi humjui. Safari ni mtihani wa mtu. Ukumbini kila mwanamme ni mpole. Mpeleke kwenye njia ya vumbi, saa tisa mchana, tairi limetoboka, hujala, na mnyororo wa maneno yake utausikia wote.

Kwa nini Mbinga, wakati Nungwi ipo?

Swali la haki. Jibu la kwanza: Nungwi mna shangazi. Kila kijiji cha Unguja na Pemba kina mtu anayekujua wewe au anamjua mume wako, na akikuoneni atakuiteni muingie mnywe chai, na hiyo chai haikataliki. Fungate haiwezi kuishi mahali ambapo kila baada ya kilomita kumi mnaitwa barazani.

Jibu la pili ni njia yenyewe. Tuliipita sisi wawili, kila fundi na mume wake, gari mbili ndogo, wakati msimu wa harusi umepoa na mvua za kule zimekwisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na hizo hatukuwakodishia gari. Ndege zipo, na basi lipo kwa wenye subira. Gari tulikodi Songea.

Kutoka Songea hadi Mbinga ni lami, kama kilomita 100. Mnapita upande wa Peramiho, mnaanza kupanda, na hali ya hewa inageuka. Mbinga ni mji wa milimani, mji wa kahawa. Watu wake ni Wamatengo, na milima yao wameilima kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona kwengine: mashimo, mashimo, mashimo, kama mtu aliyeushona mlima kwa darizi. Wanaita ngoro. Tuliuliza tukaelezwa. Majani hufyekwa na kulazwa mistari kwa mistari ikakatana mraba mraba. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika yale majani. Linabaki shimo, na mvua ikija maji yanakaa shimoni badala ya kuuteremsha mlima wote bondeni. Juu ya matuta hupandwa maharage na mahindi, kwa zamu. Na kazi hiyo wameigawa tangu mababu: mwanamme hufyeka na kulaza majani, mwanamke huchimba, hufunika na hupanda. Mmoja akitoroka, shimo halikamiliki.

Somo zetu hawajawahi kutupa somo la ndoa lililo wazi zaidi ya ule mlima. Na tuliupata kwa kuwa tulisimamisha gari, tukateremka, tukauliza. Gari ya msafara haisimami mpaka mpiga picha aseme.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami pia, kilomita 66 hivi, na hapo ndipo moyo unapokaa kooni. Mbinga iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Mnateremka, mnakata kona, mnateremka, na mara moja katikati ya milima miwili mnaona buluu. Mtu wa kisiwani hawezi kukosea buluu, tulidhani ni bahari. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha kama mita 700 pale lilipo na kina kikubwa, na aina za samaki waliomo ni nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Lina mchanga, lina mawimbi, lina ngalawa za wavuvi na wanawake wanaoanika dagaa. Lakini onja, maji ni matamu. Na kwa kuwa mko mwambao wa mashariki, jua linazama majini mbele yenu, upande wa Malawi, kama linavyozama Forodhani, ila hapa hakuna anayekuuzieni kitu wakati linazama.

Ukipenda kwenda mbele, ipo Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa, na hapo Agosti 1914, mwanzo kabisa wa Vita Kuu ya Kwanza, boti ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Mume mwenye kupenda historia mpelekeni hapo, atanyamaza nusu saa. Lami ilituishia njiani, kwa hivyo ulizeni hali ya njia kabla ya kuondoka, na msiende baada ya mvua.

Jibu la tatu tumeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalotuuma. "Kusini kuna nini?" mnatuuliza. Dada zetu, baadhi yenu mko huku kwa sababu ya kule. Wangapi kati yetu mabibi zao waliitwa Wanyasa? Misafara ya watumwa ilitoka nchi za ziwa lile, ikashuka mpaka Kilwa, na majahazi yakawaleta mpaka soko la Mkunazini, hapa hapa mjini, tunapopita na mifuko yetu ya Darajani. Soko lile lilifungwa Juni 1873, zama za Sayyid Barghash. Wanawake walioletwa kwa njia ile walitembea kwa miguu wasijue wanakopelekwa, na wengi hawakupata hata kuchagua mume. Leo mjukuu wao anaweza kuirudia njia ile akiwa amekaa kiti cha mbele, ana mume wa akdi, mahari yake mkononi mwake, na akitaka kusimama anasema simama. Mkituambia hilo halina maana kuliko picha ya Forodhani, sisi tumeshindwa na nyinyi.

"Ni hatari"

Ni kweli, barabara inaua, na hatutawadanganya. Lakini hatari ina jina, na yenye jina hutafutiwa dawa.

Mbinga kuna makaa ya mawe, machimbo ya Ngaka. Malori ya makaa hutumia njia ile ile ya kuelekea Songea, marefu na mazito. Msishindane nayo. Na safiri mchana tu. Mkitoka Songea baada ya sala ya alfajiri mnafika Mbinga asubuhi.

Kwenye mteremko wa kwenda ziwani, gia ndogo ndiyo breki yenu. Anayeteremka mguu uko juu ya breki mwanzo mwisho ataipasha moto mpaka isishike. Ikiwa gari ni otomatiki, itolewe kwenye D iwekwe gia ya chini. Mume akisema "ninajua," mke amuulize kwa adabu anajua nini.

Kabla ya kuchukua gari, izungukeni nyote wawili. Piga picha kila mkwaruzo, kila taa, kiti kilichochanika, kilomita zilizosomeka na mafuta yaliyokuwemo. Fungua buti uone tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu. Soma mkataba, uliza bima inalipa nini na hailipi nini. Sisi tuliporudisha, mwenye gari mmoja alitaka kukata amana kwa mkwaruzo wa mlango. Tulifungua simu tukamuonyesha picha ya asubuhi ile, mkwaruzo upo, na mkono wake mwenyewe upo juu ya mlango. Alikohoa, akarudisha amana yote. Anayekodi gari ya msafara hajawahi hata kusoma mkataba, na ndiyo maana akiongezewa saa anaongezewa na deni.

Ziwani, msiingie majini bila ya kuwauliza wenyeji. Kichocho kipo katika maji yaliyotulia karibu na nyasi, na mamba wapo baadhi ya pahala, hasa midomo ya mito. Kusi ikivuma, Mei mpaka Agosti, ziwa huchafuka kama bahari yetu, basi msipande mtumbwi kwa ajili ya picha.

Ama dini yenu, haipungui kitu. Mmetoka kisiwani mmefika Ruvuma, nyinyi ni wasafiri: mnakusuru, mnajumuisha adhuhuri na laasiri, na mkinuia kukaa mahali siku nne kamili, kwa madhehebu yetu ya Shafi, mnarudi kusali kamili. Mbinga ni mji wenye Wakatoliki wengi na misikiti si kila kichochoro kama kwetu, basi chukueni mswala na chupa ya maji ya udhu. Nyama ulizeni nani kachinja, ulizeni kwa uso wa tabasamu, mtajibiwa kwa ukweli. Na mkishafika ziwani shida hiyo imekwisha: mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, hapo mtamu zaidi ya pilau ya ukumbini iliyopoa.

Kiti cha mbele

Sasa tunakuja kwa wanaume, na kwa mama wa wanaume.

Gari ikodiwe bila ya binamu. Tumeona fungate ambayo bwana harusi kakaa mbele na dereva ambaye ni binamu yake, wanazungumza mpira njia nzima, na biharusi yuko nyuma amebanwa na mabegi kama mzigo uliosahauliwa. Kama hakuna kati yenu mwenye leseni na uzoefu, kodini dereva wa kazi, mtu mzima, alipwe haki yake na chumba chake, na nyinyi wawili mkae nyuma pamoja. Lakini kama mmoja anaendesha, mwengine akae ubavuni mwake. Na kama mwenye leseni ni mke, aendeshe mke. Mwanamme ambaye heshima yake inaondoka kwa mkewe kushika usukani, heshima hiyo ilikuwa ya kukodi nayo.

Na pesa. Mahari si bajeti. Sura ya Nisaa, aya ya nne, imewaamrisha waume wawape wake mahari yao, na hakuna anayeruhusiwa kula humo ila kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe, aliyoitoa kwa moyo safi. Biharusi asiambiwe "tutumie ya mahari, si ni safari yetu sote." Safari italipwa kwa ile pesa ya msafara ambayo haikutumika. Ndiyo hoja yetu yote, msituharibie.

Mama zetu nao wanasema mwari hatolewi nje kabla ya siku saba, kuna jicho. Tunawaheshimu, wametulea. Lakini mama huyu huyu ndiye aliyemkalisha mwanawe jukwaani mbele ya watu mia nne na simu mia nne, ilhali kule Mbamba Bay anatazamwa na wavuvi waliochoka wanaotaka kwenda kulala. Jicho liko wapi zaidi?

Neno la mafundi

Mtatwambia tunaharibu biashara yetu wenyewe. Biharusi akienda Mbinga, nani atavaa shela yenye mkia wa mita tatu? Msiwe na wasiwasi na sisi. Shoneni shela, tutashona. Ila mje pia mtushonee kazi hii: madera mawili ya pamba, si ya satini, satini inateleza kitini na inashika jasho. Mifuko ya kina pembeni, ya kuwekea simu na tasbihi. Baibui jepesi lisilofika chini ya kisigino, maana mtapanda na kuteremka garini mara ishirini kwa siku. Shungi mbili za rangi isiyoonyesha vumbi. Na sweta, dada zetu, sweta ya kweli. Juni na Julai Mbinga kuna baridi ambayo kwetu hatuna neno lake.

Na bwana harusi naye: kanzu moja ya Ijumaa inamtosha.

Tunawaambia wari wote waliokwisha kuchumbiwa: chukueni ile orodha leo usiku. Tafuteni mstari wa gari. Muulizeni mchumba, kupitia kaka au baba kama ndivyo mnavyozungumza, swali moja tu: saa tatu za watu, au siku nne zetu? Jibu lake mliweke akilini. Mwanamme anayetetemeka kwa sababu mtaa hautasikia honi, atatetemeka kwa sababu ya mtaa miaka yote mtakayokaa naye. Na atakayesema "twende, nifundishe hiyo njia," huyo mpimeni suti, tunamshonea kwa nusu bei.

Allah awajaalie wari wetu waume wenye kusimamisha gari wanapoombwa, awarudishe salama kila waliotoka, na awape wote mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.